Tulipolinda Dagaa Chini ya Ukuta

Enzi zetu mtoto wa kisiwani ulimtambua kwa nyayo. Hukuwa na haja ya kumuuliza jina la baba yake wala kanisa anakosali. Ulimwambia tu ageuze mguu. Ukiona unyayo mgumu kama ngozi ya ngoma, una makovu ya kokoto na mikwaruzo ya majabali, basi huyo ni wa kwetu, amekulia Chini ya Ukuta. Mimi huyu ninayeandika, ambaye leo navaa viatu vya ngozi hata nikitoka kwenda kununua vocha, nyayo zangu bado zipo vilevile. Mke wangu analalamika kwamba zinachana mashuka. Namwambia mashuka nilinunua mimi, yaache yachanike.

Naandika haya kwa mkono wangu. Shule yangu iliishia darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza, kwa hiyo kama kuna mahali nimekosea herufi, msomi apite pembeni. Nawaandikia wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia visiwani, mnaojua harufu ya jua juu ya jiwe lenye samaki.

Kisiwa chetu ni kidogo, kiko nje ya Ukerewe. Ukishuka kwenye meli pale Nansio unapanda tena mtumbwi wa injini. Upande wa mashariki kimelala kama ng'ombe aliyeshiba, mashamba ya mihogo na michungwa yanashuka taratibu mpaka majini. Upande wa magharibi kimekatwa. Unatembea, unatembea, ardhi inaisha ghafla, na mbele yako ni genge la mawe linaloshuka hadi ziwani, refu kuliko mnara wa kanisa. Sisi tuliliita Ukuta. Chini yake kuna ufuko wa kokoto na majabali, mengine makubwa kama nyumba, mengine bapa kama meza, maji yanaingia katikati yake na kutoka yakiguna. Siku hizi watu wakipaona wanasema pazuri. Sisi hatukujua kama ni pazuri. Tulijua ni mahali pa kazi.

Maana dagaa wa kisiwa kizima walianikwa pale. Wavuvi walirudi alfajiri na karabai zao zimeshazimwa, mitumbwi imezama nusu kwa uzito, na akina mama walikuwa tayari wamesimama kwenye kokoto na ndoo na vikapu. Kila ukoo wenye mtumbwi ulikuwa na jiwe lake. Hakuna aliyekuwa na hati, lakini ole wako umwage dagaa wako kwenye jiwe la wenyewe, utasemwa mpaka Jumapili kanisani. Jiwe la kwetu lilikuwa bapa, jeusi, limeinama kidogo upande wa maji, na lilishika joto kiasi kwamba kufikia saa nne hukuweza kulikalia bila kutanguliza jani la mgomba. Mama alilisifia kama watu wanavyosifia ng'ombe wa maziwa.

Wakishamaliza kumwaga, akina mama walirudi mashambani, na dagaa wakabaki na sisi watoto. Kazi ilikuwa kufukuza ndege. Mwewe, kunguru, wale mnandi weusi waliopaka mawe chokaa kwa mavi yao, wote walikuwa na njaa kuliko sisi. Unakaa na fimbo yako juu ya jiwe, unapiga kelele, unarusha kokoto, jua linakuchoma utosi. Mama kabla hajaondoka alikuwa na maneno yake yaleyale: "Mwewe akila dagaa wangu, na wewe leo utakula kwa mwewe." Na alikuwa hatanii. Kuna siku nililala na maji ya kunywa tu, nikisikia wenzangu wanalamba vidole.

Na kwa sababu tulikuwa tunalinda kabla ya kwenda shule, tulichelewa kila siku. Mwalimu wetu alikuwa na njia yake ya kuhukumu. Alitupanga mstari nje ya darasa akawa ananusa mikono. Ukinuka dagaa, pita, umechelewa kwa kazi. Usiponuka, umelala tu kwenu, lala chini upokee viboko. Basi watoto wa upande wa mashariki, ambao kwao hawakuwa na dagaa wala mtumbwi, walikuwa wanakuja kwetu njiani kutuomba tuwapake mikono. Na tuliwapaka. Malipo yalikuwa chungwa au michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa. Nadhani biashara yangu ilianzia pale, mikononi mwangu, kwa harufu.

Ilikuwa ni miaka ya shida ile, mnaikumbuka. Sabuni ilikuwa adimu, mama alifua kwa majani ya mpapai. Sukari tuliiona Krismasi. Kaptura yangu ilikuwa moja, imewekwa viraka viwili vya duara makalioni, watu wakasema kaptura imevaa miwani. Miguuni, ukiwa na katambuga za tairi wewe ni mtoto wa tajiri. Lakini tumbo halikuwa na huzuni. Tulikaa pale majabalini tunakula dagaa waliokauka nusu, wa moto kutoka kwenye jiwe, chumvi yake ni jasho la vidole. Tulivua furu kwa pini iliyokunjwa na nyungunyungu, tukawabanika kwenye moto wa vijiti pangoni, na ugali wa muhogo uliofungwa kwenye jani. Vijana wa leo ukiwaambia furu wanakuuliza ndiyo nini. Wanajua sangara tu, tena wa kwenye friji, hana kichwa wala mkia, wanamla na uma kama wanamwogopa.

Jiwe lililopakana na letu lilikuwa la akina Bwire. Bwire alizaliwa msimu mmoja wa mvua kabla yangu na hakuacha kunikumbusha. Mwanzoni tulikuwa maadui, kwa sababu mwewe ukimfukuza kwako anatua kwa jirani, na mimi nilikuwa fundi wa kumfukuzia kwao. Siku moja Bwire alivuka akaja juu ya jiwe la kwetu, akanisukuma majini na kaptura yangu ya pekee. Nikatoka nimelowa, nikamrukia, tukapigana, na wakati tunapigana mwewe wakala vya kwetu na vya kwao bila ubaguzi. Jioni tulichapwa wote wawili, yeye kwao na mimi kwetu, na vilio vyetu vikakutana katikati ya mihogo.

Kesho yake alikuja kabla jua halijapanda.

"Sikia wewe kichwa cha kambale," akasema. "Tukilinda hivi tutakufa. Mmoja alinde mawe yote mawili, mwingine avue."

"Nani aanze kuvua?"

"Mimi. Mimi ni mkubwa."

Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote. Mmoja fimbo, mwingine ndoano. Tulikula pamoja, tukaoga pamoja, tukaruka kutoka juu ya jabali refu mpaka masikio yakaziba maji. Bwire alikuwa na mdomo, jamani. Hakuna kitu changu alichokiacha bila kukitukana: masikio yangu, miwani ya kaptura yangu, namna nilivyokimbia nikiona kenge. Nikilia alinicheka, nikianguka alinicheka kwanza ndipo aninyanyue. Na palikuwa na ufa kwenye Ukuta tuliouita Koo. Akina mama na mizigo yao walizunguka kwa njia ndefu, sisi tulishuka kwa Koo, unapita kwa ubavu, umebana tumbo, jiwe linakukwaruza mbele na nyuma. Mara ya kwanza niliogopa nikasimama katikati nikaanza kulia. Bwire alikaa chini akacheka mpaka akalala juu ya kokoto, halafu akapanda, akanishika mkono, akanishusha. Alisimulia habari hiyo shule nzima kwa mwezi mmoja.

Baba alipofariki, mimi nilivuka kuja Mwanza. Sikubeba kitu. Nilianza na kusukuma mkokoteni sokoni Mirongo, nikalala juu ya magunia, nikauza misumari kwa mafungu chini ya mwavuli, na sitawachosha na yote hayo. Kwa kifupi: leo ukisimama Mabatini ukauliza duka la nondo na mabati, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha kwa kidole. Nina malori. Nina nyumba juu ya mlima, kwenye majabali, imejengwa na mafundi wenye vyeti ambao niliwasahihisha msingi mimi mwenyewe. Wanangu wamesoma mpaka wamechoka. Kuna watu walimaliza chuo kikuu wanakuja ofisini kwangu wanasimama, mimi nimekaa. Nasema hivi ili muelewe kilichotokea.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, nikashikwa na hamu ya kwenda Chini ya Ukuta. Si kwa msiba wala kwa kuangalia shamba. Kukaa tu. Nikawaambia wanangu twendeni niwaonyeshe mlipotoka. Wa kwanza akauliza kama kule mtandao unashika. Wa pili akasema, "Baba, wewe nenda, utatutumia picha." Mke wangu meli humtapisha. Nikanunua sukari, mchele, vitenge kwa ajili ya mke wa Bwire, na koti zuri la mvua kwa Bwire mwenyewe, nikaenda peke yangu.

Niwaambie ukweli, niliyemfuata ni nani. Wazazi wangu hawapo. Dada yangu aliolewa mbali, akafia huko. Wenzetu wa majabalini wametawanyika, wengine wameshalala. Aliyebaki duniani anayejua nilivyokuwa kabla sijawa na kitu ni Bwire peke yake. Nilitaka nikae naye siku moja juu ya mawe yetu, anitukane kidogo, nirudi. Basi. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu sana, ila salamu zilikuwa zinapita kwa watu wa mitumbwi.

Nilimkuta kwenye mwalo wa upande wa mashariki, pale inapotia nanga mitumbwi, ameinamia mtumbwi anauziba kwa pamba. Ameota mvi, mgongo umekuwa mwembamba, lakini masikio ni yaleyale. Mtu mmoja akamwambia, mgeni wako huyo. Bwire akageuka. Akaniangalia viatu, akanipanda mpaka usoni. Akavua kofia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba," nikajibu.

Jamani. Neno lilishatoka. Mtanisamehe, lakini ninyi hamkai dukani kwangu. Kuanzia tunapofungua milango pale Mabatini, shikamoo zinanyesha. Makuli, madereva, madalali, wenye kutaka kukopeshwa simenti, mzee ana wajukuu wakubwa kuliko wanangu naye ananipa shikamoo kwa sababu anataka mabati yake yafike mapema. Mdomo umezoea, unajibu wenyewe kama mlango wa benki unaofunguka ukisogea. Sasa umemjibu Bwire.

Nikacheka ili kufuta. "Wewe Bwire, umechanganyikiwa? Unanipa shikamoo mimi?"

"Lazima nikupe, bosi. Wewe ni mtu mkubwa."

"Mkubwa kwa nani? Mimi na wewe nani mkubwa?"

Akatabasamu, akakunja kofia mkononi. "Zamani nilikuwa mimi," akasema.

Akanichukulia begi. Nikakataa, akalivuta, watu wakawa wanatuangalia, nikamwachia. Nyumbani kwake mkewe alipiga goti kunisalimia na binti yao Consolata akaniletea maji ya kunawa kwenye beseni jipya lenye nembo bado imebandikwa. Nikatoa vitu vyangu. Koti la mvua Bwire alilipokea kwa mikono miwili, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati. Hakulijaribu. Mimi nilitegemea alivae juani, azunguke nalo uwanjani anifanyie vituko.

Nikasema haya, twende majabalini. Bwire akasema tungezunguka kwa mtumbwi, maji yametulia, nitafika bila kuchafuka. Nikamwambia kwani Koo limeziba? Halijaziba, bosi, ila... Ila nini? Mimi huyu nizungushwe kwa mtumbwi kama gunia la mihogo? Nikaongoza njia mwenyewe, tukapita mashambani mpaka kwenye ukingo. Pale juu upepo ni uleule. Ziwa limefunuliwa lote, halina mwisho, na pimbi wamejipanga juani wanatukodolea macho. Nikaingia kwenye ufa kwa ubavu kama zamani.

Ninyi mnanijua nilivyo. Hiki kitambi sikukiokota, nimekijenga kwa miaka na kila kilo ina historia yake. Nilifika katikati, nikakwama. Mbele tumbo, nyuma mgongo, mkono mmoja juu, mguu mmoja hewani. Nikasubiri. Kweli, wenzangu, pale nilipokwama jiwe limenibana pumzi, nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa namsubiri Bwire aanze. Nilikuwa najua atakalosema: atasema Ukuta umemeza chura, atasema waitwe mafundi wangu wenye vyeti. Nikasubiri kicheko chake kama mtu anayesubiri mvua.

"Pole, bosi," akasema nyuma yangu, sauti ya chini kabisa. "Toa pumzi taratibu. Usiogope. Pole sana."

Akanisukuma bega kwa adabu, kama anasukuma mlango wa chumba cha mgonjwa. Nikatoka upande wa pili, kifungo cha shati kikaruka. Bwire akashuka, akainama kwenye kokoto, akakitafuta mpaka akakipata, akakifuta vumbi kwa suruali yake, akanikabidhi.

Nikatazama Chini ya Ukuta. Maji yana rangi ya kijani kibichi, unaona mpaka kokoto za chini zinavyocheza. Mawe yote yapo, hakuna lililohama. Lakini yalikuwa matupu. Dagaa siku hizi wanaanikwa kwenye chanja za nyavu kule mwaloni, maafisa walikuja wakasema juu ya mawe ni uchafu, na kweli wanakauka safi, hawana mchanga, bei nzuri. Hakuna mtoto mwenye fimbo. Hakuna mama anayegombeza. Hata mwewe wamehama, wamefuata chanja. Vijana wa mjini wanakuja siku za sikukuu kupiga picha, wanageuza shingo kama kuku anayeangalia juu, kisha wanaondoka. Kwenye jiwe la akina Bwire kuna mtu amechora kwa rangi nyekundu moyo na majina mawili ya watu ambao, nina hakika, wameshaachana.

Na juu ya jiwe la kwetu pameketi kiti cha plastiki.

Cheupe, cha mikono, vile vya kwenye sherehe. Bwire alikuwa ametuma kiletwe kwa mtumbwi tangu asubuhi ili nisikae chini. Akanikaribisha. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa unacheza kwa sababu jiwe limeinama, akapiga magoti akaweka kokoto chini yake, akakijaribu kwa mkono, akaridhika. Nikakaa. Ningefanya nini? Yeye akachuchumaa pembeni kwenye kokoto.

Nikamwambia, "Bwire, njoo ukae hapa juu."

"Hapa panatosha, bosi."

Consolata alikuwa amekuja kwa njia ndefu na sufuria. Sato wa kuchemsha, ugali wa muhogo, pilipili. Wakaniwekea sahani peke yangu. Nikasema tule wote, Bwire akasema ameshiba, na nilimwona akimeza mate. Nikala, ziwa linapiga mawe, mtu aliyeninyang'anya furu mdomoni mara nyingi kuliko nywele zangu ananiangalia kama anayepima iwapo chumvi inatosha.

Nikaanza utani mwenyewe. Nikamkumbusha siku tuliyopigana mpaka mwewe wakala vyote. Akacheka. Alicheka baada ya mimi kucheka, akanyamaza baada ya mimi kunyamaza. Kile kicheko nakijua. Ndicho makuli wangu wanachocheka nikiwapigia hadithi wakati wa kupakia.

Nikamaliza kula. Consolata akakusanya vyombo akaenda kuosha majini. Hapo Bwire akasogea, akaweka mikono yote miwili magotini.

"Bosi, nina jambo."

"Sema."

"Huyu binti. Kamaliza kidato cha nne, hajafaulu vizuri lakini hesabu anaweza. Hapa kisiwani nitampoteza, wavuvi wameshaanza kumzungukazunguka. Naomba umchukue dukani kwako. Afagie, apange bidhaa, kazi yoyote. Nimekaa nalo jambo hili muda mrefu, nasema siku bosi akija nitamwambia."

Nikamwangalia. Ndipo nikaelewa kiti, sahani, kifungo, na ile kofia aliyoivua mwaloni. Mtu aliyekaa miaka na ombi moja tumboni hawezi kukwambia Ukuta umemeza chura. Angenitukana vipi, ikiwa maisha ya mwanaye yananing'inia kwenye furaha yangu ya siku moja? Na mimi hapohapo nikaona mbele. Nikikataa, nimempoteza Bwire. Nikikubali, nimekuwa mwajiri wa mwanaye, na mwajiri wa mwanao humwiti kichwa cha kambale, hata ukizeeka, hata mkibaki wawili duniani.

Nilitazama kule binti alikoinama anasugua sufuria kwa mchanga, kanga imelowa pindo, anajifanya hasikii huku mgongo wote unasikiliza.

"Aje," nikasema. "Aondoke na mimi kesho. Atakaa nyumbani na mke wangu, mama yake mdogo, hatakaa geto. Na hatafagia. Atakaa kaunta."

Bwire alipiga makofi ya taratibu, yale ya shukrani, kichwa kimeinama. Nikamwambia inatosha, Bwire, inatosha, akaendelea. Nilinyanyuka nikamwambia basi tuogelee, tuvue mashati turuke pale kwenye jabali refu. Akasema maji ya jioni yatakupa mafua, bosi. Tukarudi kwa mtumbwi. Mimi mbele, kiti katikati, yeye nyuma anapiga kasia.

Consolata yuko dukani kwangu sasa. Sijutii. Ana akili, mkali kwa wateja wanaopunguza bei, na wale wenye vyeti wa ofisini kwangu wameanza kumwogopa. Nikimwona anapokaza uso nauona uso wa baba yake anayekataa kunipa ndoano. Kila Jumamosi naingiwa na hamu ya kumpigia Bwire simu. Juzi, duka limefungwa, wanangu kila mmoja na skrini yake chumbani, mke wangu yuko kwenye vikoba, nikakaa barazani juu ya mlima wangu nikapiga.

"Shikamoo, bosi."

"Bwire, habari za huko?"

"Nzuri, bosi. Consolata kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mtoto safi kabisa. Nilikuwa nauliza tu, ziwa likoje leo?"

"Ziwa lipo, bosi. Unataka dagaa? Au sato? Sema, nitume kwa mtumbwi wa asubuhi."

"Hapana. Nimepiga tu."

"Umepiga tu," akarudia, na nilimsikia anavyotafuta kilichojificha ndani ya neno hilo. "Sawa, bosi. Ila kama kuna kosa la mtoto, nakuomba uniambie mimi. Usimfukuze."

Nikamhakikishia tena. Nikamwuliza mkewe, nikamwuliza mvua. Tukaagana kwa heshima zote.

Enzi zetu hatukuwa na simu. Ulisimama juu ya Ukuta, ukajaza kifua, ukapiga ukelele wowote uliokujia, hauna jina wala maana, na kutoka chini kule kwenye mawe mtu aliitikia. Hakuuliza una shida gani. Aliitikia tu kwa sababu amekusikia, akaendelea kuvua. Leo simu yangu ni ya bei mbaya, vocha haijawahi kuniishia, namba zimejaa mpaka sijui nyingine ni za nani. Nimekaa nazo hapa barazani, natafuta moja ya mtu ninayeweza kumpigia bila sababu.